Paul Robeson na Uhusika Alioukosa

Katika kumbi za video za vituo kama Mogogosiek, sisi tuliokulia kwenye michai tulizoea kumwona Mwafrika wa sinema akibeba mizigo nyuma ya Mzungu. Taswira hiyo ina historia ndefu, na maisha ya Paul Robeson ni sehemu yake.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, Marekani. Babake alikuwa mtumwa aliyetoroka, kisha akawa mchungaji wa kanisa. Robeson alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923, lakini ubaguzi wa rangi ukamfanya aiache taaluma hiyo na kushika uimbaji na uigizaji. Mwaka 1930 aliigiza Othello jijini London.

Jijini humo ndimo alimojifunza Kiswahili, miongoni mwa lugha nyingine za Kiafrika, katika miaka ya 1930. Alitaka watu weusi watambue kuwa wana lugha na utamaduni wa kujivunia. Kwa imani hiyo alikubali kuwa Bosambo, chifu wa Nigeria katika filamu ya Sanders of the River. Miongoni mwa waigizaji wadogo wa filamu hiyo alikuwamo Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo aliishi Uingereza.

Desemba 1934, Robeson alizuru Moscow kwa mwaliko wa mwongozaji Sergei Eisenstein. Walijadili filamu kuhusu mapinduzi ya Haiti, ambamo watumwa walijikomboa wenyewe wakaunda dola huru mwaka 1804. Robeson angekuwa shujaa wa mapinduzi hayo. Filamu hiyo haikutengenezwa kamwe.

Iliyotoka, mwaka 1935, ni ile ya Bosambo. Ilipokamilika, chifu yule alikuwa mtumishi mtiifu wa mtawala wa Kiingereza, na sifa zote ziliuendea ukoloni. Robeson aliikana kazi hiyo baadaye. Mwaka 1936 alimwigiza Toussaint Louverture, kiongozi wa Haiti, katika tamthilia ya C.L.R. James jijini London. Hata hivyo, tamthilia hiyo ilionyeshwa mara mbili tu, ilhali filamu ya Bosambo ingali inatazamwa hadi leo.

Mwaka 1942 aliipa Hollywood kisogo. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa misimamo yake ya kisiasa, asiirudishiwe hadi 1958. Alifariki tarehe 23 Januari 1976.

Robeson alikuwa na sauti, kimo na elimu. Hakuwa na mamlaka juu ya mswada wala kamera. Tunapohakiki uhusika katika filamu na tamthilia za Kiswahili, basi, tusiishie kuuliza nani ameigiza vyema. Tuulize pia nani aliyeandika, nani aliyehariri, na ni wahusika gani ambao hawakupewa nafasi ya kuzaliwa.