Dokta Leader Stirling, Daktari wa Lulindi

Ndugu wana Masasi, kila mwaka katika kijitabu hiki tunamkumbuka mtu mmoja aliyewatendea mema watu wa kwetu. Mwaka huu tunamkumbuka Dokta Leader Stirling.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London. Mwaka 1935 alikuja na misheni ya Kianglikana ya UMCA, akapangiwa Lulindi. Enzi hizo mgonjwa mahututi alibebwa kwa machela, wabebaji wakipokezana njia nzima, na wengine walifika wamekwisha kukata roho. Stirling hakungoja saruji. Hospitali yake ilianza kwa miti, udongo na nyasi, vitu vilevile ambavyo wazee wetu walijengea nyumba zao.

Lakini daktari mmoja hawezi kuvifikia vijiji vyote mpaka Ruvuma. Kwa hiyo aliwafundisha vijana wa hapahapa kazi ya uuguzi. Hao walijua lugha ya mgonjwa na njia ya kwao.

Mwaka 1949, baada ya kuingia Ukatoliki, alihamia Mnero, Nachingwea, kwa Wabenediktini, akakaa huko miaka 15. Baadaye alifanya kazi Kibosho, Kilimanjaro. Alichukua uraia wa nchi yetu. Tangu 1958 alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria, kisha Bungeni, hadi 1980. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya. Katika miaka yake mitano wizarani, serikali iliendelea kuelekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Alifariki mwaka 2003.

Nasi tuna la kujifunza. Kwa michango yenu kuta tumejenga na mabati tumeezeka. Ila zahanati yenye muuguzi mmoja hufungwa siku anapougua, na mama mwenye uchungu hurudishwa barabarani usiku. Kwa hiyo michango ya mwaka huu itawalipia ada vijana wetu watakaosomea uuguzi na ukunga, kwa makubaliano ya kurudi kufanya kazi nyumbani.

Tunamwomba kila atakayeuza korosho msimu huu, na kila mwenzetu aliye Dar es Salaam au mbali zaidi, ajaze fomu ya ahadi iliyo ukurasa wa mwisho, kisha aitimize. Tukifundisha watu wetu, milango ya zahanati zetu itabaki wazi.