Nahodha Aliyepima Pwani kwa Saa

Ukitoka Fort Jesus ukashika Ndia Kuu, kisha ukateremka kuelekea Bandari ya Kale, utafika Leven House. Umepiga selfie hapo mara ngapi? Leven ilikuwa meli ya William Fitzwilliam Owen.

Jamaa alizaliwa 1774, akafiwa na baba akiwa mtoto, akaingia jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1822 alitumwa kuchora ramani za pwani ya Afrika. Silaha yake? Saa. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4, kwa hivyo saa ikikosea dakika hizo tu, hapa kwetu unapotea kama kilomita 111. Ndani ya saa ile kagurudumu kalitikisika kwa mwendo uleule. Leo wanasayansi hunasa ayoni, yaani atomu yenye chaji, na mtikisiko wake huwaonyesha nguvu ndogo ajabu. Wazo ni lilelile.

Cheki bei yake sasa. Homa iliwamaliza mabaharia wengi. Februari 1824 Wamazrui, wakimhofia Sayyid Said wa Oman, waliomba ulinzi. Owen akakubali, kwa sharti biashara ya watumwa ikome. Luteni Reitz aliyeachwa Mombasa akafa mwaka huohuo. Port Reitz unayopita ukienda airport ni jina lake. London ikakataa mpango, na 1826 Waingereza wakaondoka.

Owen alifia Kanada 1857. Ramani zake zilidumu. Ahadi aliyowapa Wamombasa haikumaliza hata miaka mitatu.