Marehemu Fred Kubai, mtu wa madereva

Kila nipitapo Grande Barrière hapa Gisenyi na kuona malori ya kutoka Mombasa yamejipanga kuvuka kwenda Goma, hunijia jina la marehemu Fred Kubai. Vijana wetu hawamjui. Hata sisi tuliorudi kutoka Kenya, wengi tunamkumbuka kama mmoja wa wale sita wa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, basi. Mimi nilikulia Nakuru, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa tanboi wa lori. Kwetu nyumbani Kubai alikuwa kwanza mtu wa madereva, siasa ilifuata nyuma.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1915. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya telegramu katika posta, kisha baada ya Vita Kuu ya Pili akaiacha na kuingia katika chama cha wafanyakazi wa usafiri wa barabara, akawa kiongozi wake. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Makhan Singh waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Serikali ya kikoloni ilikataa kuliandikisha.

Mwaka huo huo baraza la mji wa Nairobi lilitunga sheria ndogo mpya za teksi. Karatasini zilikuwa za kuleta utaratibu. Lakini dereva ambaye leseni yake iko mkononi mwa ofisa hana tofauti na mtu ambaye sufuria yake iko jikoni kwa jirani. Mwezi Oktoba madereva waliegesha magari wakagoma, na chama cha Kubai kilikuwa mbele.

Tarehe 15 Mei 1950 Kubai na Singh walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma, na mgomo ukaendelea kwa siku kadhaa. Tazama madai yao: viongozi waachiliwe, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, Afrika Mashariki ipate uhuru, na katikati ya mambo hayo makubwa, zile sheria za teksi zifutwe. Jambo la dereva halikusahauliwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Alitoka mwaka 1951, akaongoza tawi la Nairobi la chama cha KAU, na yeye na Bildad Kaggia walikuwa miongoni mwa waliosukuma harakati za siri mjini. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, akakamatwa tena. Mwaka 1953 alihukumiwa miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, jangwani kaskazini, na hakuwa huru mpaka mwaka 1961. Uhuru ulipokuja alikuwa mbunge wa Nakuru Mashariki, akawa waziri msaidizi wa kazi. Baba hakumsamehe kabisa kwa kukaa serikalini, alisema mtu akipanda gari la serikali hasikii tena breki za lori. Pengine alimwonea. Kubai alifariki mwaka 1996.

Sisemi sheria za barabara ni mbaya. Anayeujua mteremko wa kuingia Gisenyi anajua lori likikosa breki linakwenda wapi. Uzito wa juu wa tani 56 uliowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki unatulinda sisi wenye vibanda kando ya barabara. Ila breki hazichoki peke yake, dereva naye huchoka. Kutoka Mombasa hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,600, halafu kuna kama 155 za milima mpaka hapa, na wengi hulipwa kwa safari. Siku ya kusubiri mpakani haina mshahara, kwa hiyo huifidia barabarani, usiku.

Wiki iliyopita nilizungumza na mmoja, Mkenya, aliyekuwa amelala ndani ya kabini usiku wa tatu. Nilimuuliza kama wana chama. Akacheka, akasema kipo, lakini ofisi iko mbali na tajiri yuko karibu. Jina la Kubai hakulijua. Kisha foleni ikasogea hatua mbili, akapanda haraka kuwasha injini, chai yake akaniachia mkononi.