Mto Luvua na kosa la Livingstone

Sisi wa Kiambi tunaijua Luvua. Inatoka ziwa Mweru, inapita kwetu, inaingia Lualaba pale Ankoro, na mwisho maji yake yanafika baharini kwa jina la Kongo. Tunajua pia kwamba mashua hupanda kutoka Ankoro hadi Kiambi, na huko juu yako maporomoko. Anayetaka kuahidi watu safari ya maji, lazima kwanza ajue maporomoko yako wapi.

David Livingstone, mmisionari na daktari aliyezaliwa Scotland mwaka 1813, hakufanya hivyo. Mwaka 1856 alishuka kando ya mto Zambezi hadi Tete. Njiani aliacha mto, akakata njia ya nchi kavu, na hakuona bonde la Kebrabasa. Hata hivyo, alipofika Uingereza alitangaza kwamba Zambezi ni njia nzuri ya biashara na Injili. Serikali ikatoa pesa, ikampa meli ya mvuke na wasaidizi.

Novemba 1858 walifika Kebrabasa na kukuta miamba na maji ya nguvu. Meli haikuweza kupita. Hapo Livingstone angeweza kusema wazi kwamba aliahidi jambo ambalo hakulichunguza. Badala yake aliandika kwamba meli yenye nguvu zaidi ingepita wakati mto umejaa. Lawama zikawaangukia wenzake. Mchoraji Thomas Baines alifukuzwa mwaka 1859 kwa shitaka la wizi, naye alilikataa mpaka kufa kwake mwaka 1875. Livingstone hakulifuta kamwe. Mwaka 1863 serikali iliwaita warudi.

Tusimdharau. Ni mtu huyo huyo aliyepigana na biashara ya watumwa, na yale aliyoshuhudia sokoni Nyangwe mwaka 1871 yaliamsha dhamiri za watu wengi ng'ambo. Lakini mtumishi wa Mungu naye anaweza kujificha nyuma ya maneno, kama Adamu nyuma ya majani.

Novemba 1867 alifika Mweru, akaelewa kwamba mto unatoka ziwani kwenda kaskazini. Ni Luvua yetu. Akaamini kwamba maji hayo ni chanzo cha mto Nile, na kwa imani hiyo alitembea miaka iliyobaki, mgonjwa, bila sanduku lake la dawa, ambalo wapagazi walitoroka nalo mwanzoni mwa mwaka ule.

Mwaka 1872 alikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, akingoja wapagazi wapya. Katika daftari lake aliandika hofu yake: huenda muda wote huo alikuwa akifuata Kongo. Hakuna aliyemlazimisha kuandika hivyo. Alikuwa na sababu nyingi za kujitetea: homa, njaa, watu waliomkimbia. Safari hii hakumtupia mtu mzigo. Alifariki kwa Chitambo mwaka 1873. Miaka minne baadaye Stanley, aliyefuata Lualaba mpaka Boma, alithibitisha kwamba hofu ile ilikuwa kweli.

Tunalinganisha mambo haya mawili kwa sababu yanatokea kwetu kila wiki. Mtunza sanduku la kanisa anakuta hesabu haipatani. Muuguzi ametoa dawa isiyo yake. Mwalimu amepoteza karatasi za mtihani. Kueleza sababu si dhambi. Bila sababu, kosa litarudi. Lakini mpangilio wa maneno una uzito. Tukianza na mvua, barabara na mwenzetu, wasikilizaji wanasikia kisingizio. Tukianza na lile tulilopaswa kufanya na hatukulifanya, kisha tukataja sababu kwa ufupi, kisha tukasema tutakalorekebisha, wanasikia ukweli.

Na jambo moja tunalikazia. Daftari la Livingstone lilisomwa na watu baada ya kifo chake tu, na Baines hakupata neno lolote la kumsafisha. Tusingoje hivyo. Kama kosa letu limemwangukia mtu mwingine, twende kwake tungali hai, tumwambie yeye mwenyewe, na pale tulipomchafulia jina, tulisafishe mbele ya watu wale wale.