Rachel Carson na Haki ya Kujua

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Katika maisha ya Rachel Carson, hata hivyo, wa kwanza kuyaficha maradhi hakuwa mgonjwa bali daktari.

Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, Pennsylvania, nchini Marekani. Chuoni alianza na Kiingereza, akavutwa na biolojia, na mwaka 1932 akatunukiwa shahada ya uzamili katika elimu ya wanyama. Aliitumikia idara ya uvuvi ya serikali hadi 1952, vitabu vyake kuhusu bahari vilipomwezesha kuishi kwa kalamu.

Mwaka 1960, akiwa anaandika Silent Spring, kitabu kuhusu madhara ya dawa za kuua wadudu, alikatwa titi. Daktari hakumwambia kwamba uvimbe ule ulikuwa saratani. Aliujua ukweli miezi kadhaa baadaye, kwa daktari mwingine. Ndipo naye akaificha hali yake, akichelea wapinzani wasije wakadai kuwa hoja zake ni kilio cha mgonjwa.

Kitabu kilitoka mwaka 1962. Wengi hukumbuka habari za ndege waliouawa na DDT, wakasahau aliyoyaandika kuhusu mwili wa mwanamke. Alieleza kwamba ini ndilo linalodhibiti homoni ya estrojeni. Sumu ikilidhuru ini, homoni hiyo yaweza kuzidi na kuchochea saratani katika viungo vya uzazi. Makampuni ya kemikali yalimshambulia vikali, lakini mwaka 1963 kamati ya wanasayansi ya Rais Kennedy iliyakubali mengi aliyoyasema.

Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972.

Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba dawa hizo ndizo zilizomwua. Lakini utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2007, uliotumia damu iliyohifadhiwa tangu 1959 hadi 1967, ulitoa matokeo mazito. Miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa wametimiza miaka 14 DDT ilipoenea mwaka 1945, wale waliokuwa na kiwango kikubwa cha dawa hiyo katika damu walikabiliwa na hatari ya saratani ya matiti takriban mara tano kuliko wenzao.

Carson hakudai kwamba kila dawa itupwe. Alidai kwamba anayenyunyiziwa sumu aelezwe kilichomo. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kuisoma na kuielewa karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya shambani anaiendeleza kazi hiyo.