Walter Cannon na Mizani ya Mwili

Kila askari aliyepata kurushiwa risasi anaijua hali ile: moyo hupiga mbio, kinywa hukauka, tumbo hukaza. Mtu aliyetumia maisha yake kuichunguza ni Walter Bradford Cannon, mtaalamu wa Kimarekani aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba, 1871, huko Prairie du Chien, jimbo la Wisconsin.

Mwaka 1896, angali mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kutumia eksirei, iliyokuwa imegunduliwa mwaka mmoja tu kabla, kutazama chakula kikipita tumboni mwa wanyama. Akaona kwamba paka akiingiwa na hofu au hasira, tumbo lake husimama. Utafiti wa miaka mingi ukamfunulia sababu: wakati wa hatari tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, ini likatoa sukari, na misuli ikapata damu zaidi kwa kupigana au kukimbia. Basi askari anayetetemeka kabla ya mapambano si lazima awe mwoga, na tungependa makamanda wetu walikumbuke hilo.

Mwaka 1917 Cannon alikwenda vitani Ufaransa, akafanya kazi katika kituo cha majeruhi cha Waingereza huko Béthune. Hapo aliwaona vijana wakipoa mwili, shinikizo la damu likishuka, hata wakafa. Alidhani kwamba asidi imezidi katika damu yao, akawapa magadi. Hiyo haikuwa tiba. Lakini yeye na wenzake waliandika mwaka 1918 jambo lenye uzito hadi leo: damu inapovuja ndani, majeruhi asijazwe maji mishipani kabla mpasuaji hajawa tayari kuizuia, kwani shinikizo likipanda, hata damu iliyobaki humwagika.

Mwaka 1926 aliupa uwezo wa mwili wa kujisawazisha jina la homeostasisi. Joto likizidi, jasho hutoka. Likipungua, mwili hutetemeka upate joto. Damu ikipungua, mishipa ya ngozi hujifinya ili moyo na ubongo visikose. Kila badiliko huamsha kinyume chake hadi hali irejee, ila kwa kiasi tu; kikomo chake Cannon alikuwa amekwisha kukiona Béthune.

Alifariki tarehe 1 Oktoba, 1945, baada ya kuugua ngozi kwa miaka mingi, maradhi yaliyohusishwa na mionzi ile ile ya ujana wake.