Nikola Tesla na Mashua Isiyo na Nahodha

Mimi ni mwenyeji wa Katunguru, penye mfereji wa Kazinga uunganishao Ziwa George na Ziwa Edward. Pale kwetu ndege wakubwa huelea angani muda mrefu bila kupiga mabawa. Katika kuwaiga, sisi wanafunzi tumeunda eropleni ndogo isiyo na injini, na sasa twataka kuiongoza tukiwa tumesimama chini. Shida ni uzito. Mtambo wa kupokea amri, betri na mota ya kugeuzia usukani vikizidi kidogo tu, eropleni haielei tena. Ndipo nilipoanza kusoma habari za Nikola Tesla.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho sasa kimo nchini Kroatia. Baba yake, padre wa Kanisa la Orthodox, alitaka mwanawe awe padre pia, lakini kijana alipenda umeme. Mwaka 1884 alifika New York, akafanya kazi kwa Edison muda mfupi, kisha wakaachana. Wengi humsifu kwa mitambo yake ya umeme wa mkondo geu, ambao ndio uwashao taa za Kasese hata leo. Mimi namsifu zaidi kwa mashua yake.

Mwaka 1898, katika jumba la Madison Square Garden, alielekeza mashua ndogo ya chuma ndani ya birika kubwa la maji. Haikuwa na mtu wala waya. Tesla alisimama kando akipeleka mawimbi ya simu ya upepo, nayo mashua ikaenda, ikageuka, ikawasha taa zake. Watu walistaajabu sana. Wengine walidhani ni uchawi, wengine ati mna tumbili aliyefundishwa!

Siri ilikuwa kikopo kidogo chenye unga wa madini. Unga huo huzuia umeme, lakini wimbi likiufikia huupitisha. Kisha kikopo hupinduliwa ili unga utengane, tayari kwa amri nyingine. Kila wimbi lilisogeza gurudumu hatua moja, na gurudumu ndilo lililochagua usukani uelekee wapi.

Hati ya uvumbuzi alipewa tarehe 8 Novemba mwaka huo huo. Alitumaini kwamba wakuu wa manowari za Marekani wangeununua, lakini hawakuvutiwa nao.

Sasa, mashua yaweza kuchukua betri nzito, kwa kuwa maji huibeba. Hewa haina huruma hiyo. Karibu miaka 40 ikapita. Mwaka 1937 mapacha wawili Wamarekani, Walter na William Good, wakarusha eropleni ya mfano iliyoongozwa kwa redio. Tesla alikuwa angali hai, mzee asiye na mali, akiishi hotelini New York na kuwalisha njiwa wa mjini. Alifariki tarehe 7 Januari, 1943, peke yake chumbani, katika ghorofa ya 33, akiwa na umri wa miaka 86.